Nyie mnaofundisha picha za cheche za moto usiku mtakuja kuua mtu

Wakuu habari zenu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa kamera za kuanzia maana hapa naongelea usalama wa watu na nimekereka vibaya mno.

Kuna mtu anajiita mwalimu wa picha, kakusanya hela kwa kila kichwa, katupeleka usiku sehemu ya wazi nyasi kavu zinafika magotini. Anatoa stili wuli, zile nyuzi laini za chuma, anazijaza ndani ya kile kifaa cha nyaya cha kupigia mayai kilichofungwa kwenye waya, anagusisha betri ya volti 9, chuma kinashika, huyo anaanza kuzungusha ili cheche zichore mistari ya mwanga kwenye picha. Ndoo ya maji hakuna. Mtungi wa kuzimia moto hakuna, hata blanketi lililoloweshwa hakuna. Modo kavalishwa gauni refu la nailoni na kasimamishwa hatua chache tu kutoka kwa anayezungusha. Nailoni jamani!! Kile kitambaa kikishika moto kinayeyuka na kugandia kwenye ngozi, na huyo dada hakuna aliyemwambia chochote, kaambiwa tu asitikisike.

Nikauliza miwani ya kukinga macho iko wapi, nikajibiwa "mkuu unaogopa sana". Sasa hii ndo inaniuma, kwamba ukiuliza usalama unaonekana mshamba. Zile cheche sio taa, ni vipande vya chuma kinachowaka, na ukizungusha kasi hewa inapita kwa wingi ndo moto unazidi, halafu zikidondoka zinadunda na kuviringika zikiwa bado za moto kabisa. Nyasi zikashika sehemu mbili, tukazima kwa viatu na makoti. Jamaa mmoja aliyesogezwa mbele "apate engo kali" lenzi yake ikapigwa cheche, ina madoa kwenye kioo cha mbele na hayafutiki maana yameunguza kioo chenyewe. Filta ya bei ndogo, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, ingeokoa lile lenzi, ila nani alimwambia afunge filta? Hakuna.

Na msiniambie haya ni mambo madogo. Mwaka 2016 kule California, meli ya zamani ya mbao iitwayo Point Reyes iliyokwama ufukweni Inverness, ambayo wapiga picha walikuwa wanaipenda sana, iliungua upande wa nyuma na lawama zikaenda kwa waliokuwa wanapiga picha za stili wuli. Yaani meli iko pembeni ya maji na bado imeungua, sembuse nyasi kavu!

Tena hata ufundi wenyewe anaofundisha ni uongo. Watu wanalalamika cheche hazing'ai, yeye anawaambia "ongeza muda wa shata", yaani muda kamera inaokaa wazi kupokea mwanga. Sio hivyo! Cheche inatembea, inapita sehemu moja ya picha mara moja tu ikaondoka, kwa hiyo ung'avu wake unatoka kwenye apacha (tundu la lenzi, zile namba za f/, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga). Muda wa shata unakuongezea idadi ya mistari na mwanga wa mazingira, basi. Ndo maana watu waliweka sekunde 30 wakapata anga limeungua kwa mwanga kuzidi na cheche zile zile. Anza na ISO 100, f/8, sekunde 15 hivi, cheche zikizidi mwanga funga apacha hadi f/11. Fokasi unaiweka kabla moto haujawashwa, unamulika modo kwa tochi, ukishapata unahamia manyuo (fokasi ya mkono) ili lenzi lisianze kutafuta gizani. Na modo unampiga flashi moja tu mwanzoni imgandishe, sio kumsimamisha binadamu kama nguzo kwenye moshi halafu unamfokea eti katikisika.

Huwezi kunishawishi kwamba kufanya salama kunaharibu picha. Sehemu za zege, mchanga mtupu, ardhi iliyolowa baada ya mvua, hizo ndo sehemu zake, na maji yakituama chini unapata na taswira ya moto kwenye maji kama kwenye kioo, picha inakuwa kali zaidi. Anayezungusha avae pamba nzito au ngozi, kofia, glovu, miwani, na awepo mtu ambaye hapigi picha kabisa kazi yake ni kuangalia moto unapodondokea. Upepo ukianza mnafungasha mnaondoka, hata kama mmelipa.

Mwalimu najua uko humu na utausoma huu uzi. Yule jamaa bado anakudai lenzi na simu zake hupokei. Mlipe. Na ile video uliyopandisha kukaribisha watu awamu ijayo, mmekata kipande chote cha sisi kuzima nyasi, irudishe watu waone wanacholipia.

Wadau wengine mliowahi kwenda kwenye hizi safari semeni mlichokiona, ila majina ya watu msiweke.