Vuta-sukuma kwenye nusu ekari yenye kiduha: inalipa au inakula shamba?

Mwanavuli
Habari za humu wakuu. Shamba ni nusu ekari, wilaya ya Bunda, udongo wa kichanga. Kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) kimejaa, mahindi yanadumaa na kuwa ya njano kabla hayajafika kiunoni, na funza wa mabua wanamalizia kilichobaki. Mavuno ni magunia mawili ya kilo 100 kwa msimu. Kuna ng'ombe wawili, mmoja wa maziwa, na kiangazi majani yananunuliwa, mzigo Sh 2,000.

Afisa ugani amependekeza vuta-sukuma: desmodiamu (mmea wa malisho jamii ya kunde) katikati ya mistari ya mahindi ili kufukuza nondo wanaotaga funza, mabingobingo (majani ya tembo) kuzunguka shamba ili kuwavuta. Bei nilizotajiwa ni hizi: mbegu ya desmodiamu nusu kilo Sh 25,000, vipando 1,000 vya mabingobingo Sh 30,000 pamoja na usafiri. Kibarua ni Sh 6,000 kwa siku, gunia la mahindi wakati wa mavuno Sh 60,000.

Naomba kujua: ardhi kiasi gani itaondoka kwenye mahindi? Gharama inarudi baada ya misimu mingapi? Na wanaoacha wanashindwa wapi? Maharage huwa yanachanganywa na mahindi, sasa desmodiamu ikikaa pale yataenda wapi?

Hesabu_Kwanza
Naanza na ardhi, maana vipeperushi vingi vinaliruka jambo hili.

Chukua nusu ekari ya mraba, mita 45 kwa 45. Mabingobingo yanataka mistari mitatu, sm 75 kati ya mstari na mstari, kisha unaacha mita 1 kabla ya mahindi. Jumla ni mita 2.5 kila upande. Ndani inabaki mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600 kati ya 2,025. Umetoa asilimia 21. Ukitumia brakiaria (nyasi nyingine ya malisho) kwa nusu mita kwa nusu mita, ukanda unakuwa mita 2 na unatoa asilimia 17.

Angalia pia umbo la shamba. Nusu ekari hiyo hiyo ikiwa kipande chembamba cha mita 20 kwa 100, mabingobingo yanachukua asilimia 29. Kwa hiyo usigawe shamba dogo vipande viwili, zungushia moja. Kwa upande mwingine, kisizidi mita 50 kwa 50, kwa sababu katikati inakuwa mbali mno na ukanda wa kuvuta nondo.

Sasa pesa. Tuchukulie kazi ya ziada msimu wa kwanza (kupanda ukanda, kufungua mifereji ya desmodiamu, palizi ya mkono) ni siku 14, hiyo ni Sh 84,000. Ongeza mbegu na vipando, unafika Sh 139,000, sawa na magunia 2.3. Msimu wa kwanza kiduha hakipungui cha maana, na moja ya tano ya mahindi imepotea kwenye ukanda, gunia 0.4 hivi. Unamaliza msimu ukiwa na deni la magunia 2.7.

Tuseme msimu wa pili shamba zima linatoa 3.5 na wa tatu 4.5. Toa siku nne za kupogoa desmodiamu kila msimu, ambazo ni gunia 0.4. Ziada halisi juu ya magunia mawili ya zamani ni 1.1, kisha 2.1. Deni linaisha ndani ya msimu wa tatu kwa mahindi peke yake. Lakini deni lile ni Sh 162,000, na kwa bei yako ni mizigo 81 ya majani. Shamba likikuepusha kununua mizigo 81 kiangazi, umelipa bila kuhesabu hata punje moja ya hindi. Kwa maoni yangu, ng'ombe ndiye anayeamua kama teknolojia hii inalipa. Asiye na mfugo wala mnunuzi wa majani asubiri.

Mavuno ya msimu wa pili na wa tatu hapo juu ni makadirio ya kufanyia hesabu. Weka yako.

Bwana_Desmo
Hesabu ya mkuu hapo juu imekaa vizuri. Mimi naingia kwenye upandaji.

Kwanza aina. Kwa Bunda na kichanga chako, chagua desmodiamu ya majani ya kijani kibichi. Ile nyingine utaitambua kwa utepe wa rangi ya fedha katikati ya kila jani, inataka mvua zaidi. Ukandani weka brakiaria aina ya Mulato II badala ya mabingobingo, inavumilia ukame zaidi na inakuokolea zile asilimia nne za ardhi. Udhaifu wake ni utitiri mwekundu wakati wa jua kali. Mabingobingo nayo yana ugonjwa wa udumavu unaoenezwa na wadudu wanaofyonza majani: shina linachipua vijani vidogo vya njano na halirefuki tena. Usichukue vipando kwenye shina la namna hiyo hata ukipewa bure. Kwa mraba wako unahitaji vipando kama 1,050, iwe brakiaria au mabingobingo. Pingili ya mabingobingo iwe na macho matatu, mawili yaingie ardhini, imelala upande.

Ukanda upandwe mapema kuliko mahindi ikiwezekana, ili uwe umeshika nondo wakianza kuruka. Nondo wanapenda kutaga kwenye majani yale kuliko kwenye mahindi. Vifunza vikianguliwa na kuanza kutoboa shina la mabingobingo, shina linatoa utomvu unaonata na wengi wanafia humo.

Desmodiamu: kilo 1 inatosha ekari, kwako nusu kilo. Mbegu ni ndogo mno, changanya sehemu moja ya mbegu na mbili za mbolea ya superfosfeti au mchanga laini ili usimwage yote kwenye mistari mitano ya kwanza. Kwa kijiti kilichochongoka chora mfereji katikati ya mistari ya mahindi (sm 75), kina sm 1 hadi 2 tu. Funika kwa udongo kidogo. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanafukia kwa jembe kama wanapanda maharage, haioti, halafu lawama zinaenda kwa aliyeuza mbegu. Panda mvua ya kwanza inapokolea, si katikati ya msimu.

Kosa la pili ni palizi. Kwa wiki za mwanzo desmodiamu ni kijimmea chenye majani matatu matatu, yana vinyweleo, ukiyagusa yanang'ang'ania kidole kidogo. Kibarua asiyeijua anaing'oa yote. Palizi ya kwanza wiki ya tatu, ya pili wiki ya tano au sita, na mstari wa desmodiamu upaliliwe kwa mkono. Weka vijiti mwanzo na mwisho wa kila mstari ili mfereji uonekane.

Maharage hayaondoki. Yanahamia kwenye mstari wa mahindi, kati ya shina na shina au shimo moja na mahindi. Yatapungua kidogo, hilo liingize kwenye hesabu.

Kayongo_Aondoke
Nakubaliana na wote wawili ila niweke pingamizi, kwa sababu teknolojia hii inanadiwa kwa kila mtu na haimfai kila mtu.

Faida yake kubwa inatoka kwa kiduha. Mzizi wa mahindi unatoa kemikali inayoamsha mbegu ya kiduha, mbegu inaota na kujishikiza kwenye mzizi. Madhara mengi yanatokea chini ya ardhi kabla hujaona ua la zambarau, ndiyo maana kung'oa viduha vilivyochanua hakuokoi mahindi ya msimu ule, kunazuia tu mbegu za kesho. Na mmea mmoja unatoa mbegu kwa makumi ya maelfu, zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10. Mizizi ya desmodiamu inaziamsha vilevile, lakini inatoa kemikali nyingine inayozuia kijimzizi cha kiduha kushika. Mbegu inaota, inakosa mwenyeji, inakufa. Kila msimu akiba ya mbegu ardhini inapungua. Jambo hili liligunduliwa na watafiti wa icipe (kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya) pale Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rothamsted ya Uingereza, walipokuwa wakitafuta dawa ya funza wa mabua. Kiduha kilikuja kama faida ya juu yake.

Sasa chukua shamba lisilo na kiduha linalotoa magunia manane kwa nusu ekari. Asilimia 21 ya manane ni gunia 1.7 kila msimu. Mahindi yaliyobaki lazima yaongezeke kwa asilimia 27 ili urudi pale ulipokuwa. Kwa mtu huyo ushauri wangu ni mbegu bora na mbolea, vuta-sukuma aiache. Kwa Mwanavuli anayevuna mawili, ardhi anayotoa ni gunia 0.4. Shamba lililochoka ndilo linalotoa ukanda kwa bei rahisi.

Takwimu ya icipe inayotajwa kila mahali ni mahindi kutoka karibu tani 1 hadi tani 3.5 kwa hekta. Kwa nusu ekari ni kutoka magunia mawili hadi saba. Ukisikia takwimu kama hiyo uliza mambo mawili: imepimwa kwa eneo la mahindi tu au pamoja na ukanda? Na ni msimu wa ngapi? Anayetarajia saba msimu wa kwanza ndiye anayeng'oa desmodiamu msimu wa pili.

Kuna njia nyingine kwa asiye na ng'ombe. Kenya kuna mbegu ya mahindi inayoitwa Ua Kayongo (kayongo ndiyo kiduha kwa Waluo), imepakwa kiuagugu cha imazapyr na inaua kiduha kinapojishikiza. Haichukui ardhi wala haitaki palizi ya mkono. Ila unainunua kila msimu, haiongezi rutuba, na dawa iliyo juu ya punje inaua maharage. Usiyaweke shimo moja, na nawa mikono kabla ya kushika mbegu nyingine.

Mwanavuli
Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichotegemea. Matatu yamebaki. Huku tunalima kwa jembe la ng'ombe, je, desmodiamu itastahimili? Na baada ya mavuno mifugo ya kijiji inaachiwa mashambani. Halafu je, ile Sh 25,000 ya mbegu haiwezi kukwepeka?

Bwana_Desmo
Plau inaua desmodiamu. Ukipitisha jembe la ng'ombe shamba zima msimu wa pili, umerudi mwanzo na mbegu imepotea. Msimu wa kwanza lima kwa ng'ombe uwezavyo, lainisha udongo vizuri kwa sababu ya mbegu ndogo. Kuanzia wa pili unapogoa desmodiamu ibaki sm 6 hivi kutoka ardhini, kisha unafungua kwa jembe la mkono mstari wa mahindi peke yake. Inasikika kazi nyingi, lakini hulimi tena shamba zima, na desmodiamu ikishafunga ardhi magugu yanapungua sana. Mahindi yakiwa machanga ipogoe tena kila wiki tatu au nne, isipande juu yake. Yanayokatwa ni chakula cha ng'ombe: sehemu tatu za majani ya ukanda kwa moja ya desmodiamu, na haivimbishi tumbo.

Ukanda ukate ukifika mita 1 hadi 1.5, anza na mstari wa ndani, usikate yote mara moja. Ukifyeka yote, nondo wanahamia kwenye mahindi siku hiyo hiyo.

Mifugo ya kijiji ndiyo hatari kubwa zaidi kwako kuliko ukame. Desmodiamu ni tamu, ni kijani kiangazi wakati kila kitu kimekauka, na wakiingia kwa siku chache wanaila hadi shina na kukanyaga iliyobaki. Kabla hujatoa hata shilingi, zungumza na majirani na mwenyekiti wa kitongoji, na uweke uzio wa miiba au mkonge upande wa njia. Kama hilo haliwezekani, usianze.

Mbegu inakwepeka, ndiyo. Desmodiamu inashika kwa shina: kata vipande vyenye vifundo viwili au zaidi, fukia, acha ncha nje. Nunua robo kilo, otesha robo ekari, msimu wa pili vikonyo vyako vinajaza robo ekari iliyobaki. Au omba kwa mwenye shamba lililokomaa wakati anapogoa, kwake ni majani tu.

Hesabu_Kwanza
Niongeze kuhusu hiyo mbegu, kwa sababu ndipo faida ya utafiti inapokwama. Mahindi chotara yana kampuni inayofaidika kila msimu, kwa hiyo yana duka na tangazo hadi kijijini. Desmodiamu ukishaipanda inakaa miaka, hurudi dukani. Mfanyabiashara haoni sababu ya kuiweka, inakuwa adimu na bei inapanda. Utafiti umekamilika, mkulima anakwama kwa nusu kilo.

Kuzalisha mbegu ni biashara kwa mwenye shamba lililokomaa. Acha mistari michache bila kupogoa ichanue, linda maua dhidi ya mbawakawa wanaoyala, vuna maganda yakigeuka kahawia na kuanza kunata kwenye nguo. Vuna kwa awamu, hayakomai pamoja. Kausha kivulini, piga taratibu, pepeta. Ukipata robo kilo tu, kwa bei uliyotajiwa ni Sh 12,500 kutoka mistari ambayo ingekuwa majani.

Na kwa viwavijeshi vamizi, kwa kuwa wapo watakaouliza: watafiti wa icipe walichapisha mwaka 2018 kwamba mashamba ya aina hii yalikuwa na viwavi wachache kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko mahindi yaliyopandwa peke yake. Wengine waliopima baadaye wamebishana kuhusu namna inavyofanya kazi. Usiweke faida hiyo kwenye hesabu ya kurudisha deni, na endelea kukagua mioyo ya mahindi mara mbili kwa wiki hadi mbelewele zitoke.