Naomba ushauri: mashine ya wembe wa pande mbili, ya meno au ya kawaida?

Habari zenu wakuu, niko Uyole hapa Mbeya. Nanyolea ile mashine ya chuma ya kufunga wembe wa pande mbili, niliichukua Mwanjelwa, haina hata jina. Ndevu zangu ngumu halafu za kujikunja, nikipitisha mara moja zinabaki, nikirudia shingoni natoka vipele. Nikiitazama kwa ubavu wembe haujitokezi kabisa na uwazi kati yake na ile kingo ya chini ni mdogo mno, nahisi ndo maana ni mpole kupita kiasi.

Nimeshabadili wembe, nimetumia maji ya moto (baridi la mwezi wa saba huku mnalijua), povu la kutosha, mpini nainamisha kama nyuzi 30 na nafuata ndevu zinakoelekea, nafuu kidogo tu. Kukandamiza sitaki.

Sasa nitafute yenye uwazi mkubwa au ile ya meno kama kitana inayopitisha povu na nywele ndefu? Kuna jamaa ananisifia Mühle R41 ya Ujerumani, ya meno, ila ile inajulikana kwa ukali, naogopea shingo. Na mpini mzito unasaidia kweli au mbwembwe tu?