Uuguzi au ualimu? Naombeni ukweli wa mliopo kazini

Njiapanda
Habari zenu wakuu. Nimemaliza sekondari, matokeo yananibeba kote kuwili, fomu zote mbili ziko mezani na muda unaisha. Mama anataka niwe nesi. Mi nimekuwa nikiwafundisha wadogo zangu hesabu na nafurahi sana wakielewa, lakini pia nilimuuguza bibi miezi kadhaa na sikuona kinyaa hata siku moja. Naombeni mnieleze kazi yenyewe ikoje, hayo ya "fuata moyo wako" nimeshayasikia.

Nesi wa zamu
Mdogo wangu, kama kinyaa huna umeshavuka pagumu. Kinachobaki ni umakini, maana kabla ya kutoa dawa unahakikisha mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi ndiyo, njia ya kuitoa ndiyo na saa ndiyo, hayo matano kila mgonjwa kila mara, hata iwe saa kumi alfajiri na umesimama tangu jioni. Zamu ya masaa 12 inachosha jamani, mgongo unauma kwa kugeuza wagonjwa, na kuna watu utaongea nao leo kesho unakuta kitanda kitupu. Mwaka wa kwanza nililia sana. Ila nikishatoa ripoti na kukabidhi wodi naondoka, kuna mwenzangu anaendelea nao.

Ticha
Hapo kwenye kukabidhi ndo tunapoachana. Sisi hatuna wa kumkabidhi, ukiwa na madarasa 3 ya watoto 40 hayo ni madaftari 120 ya kusahihisha nyumbani na bado andalio la somo la kesho, watu wanaona likizo tu. Na wadogo zako sio darasa, wale wanakusikiliza kwa sababu wanakupenda. Halafu nesi anaweza kuona homa imeshuka leo leo, mimi nafundisha hesabu za sehemu wiki kadhaa mtoto bado anasema 1/3 ni kubwa kuliko 1/2 kwa sababu 3 ni kubwa kuliko 2. Siku anapomwelezea mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, aisee, uchovu wote unasahau.

Njiapanda
Asanteni sana. Je nikianza na unesi naweza kuja kufundisha?

Mkufunzi
Unaweza, mimi nilitoka wodini nikaenda chuoni. Florence Nightingale alifungua shule ya wauguzi London tangu 1860, na mpaka leo nesi anafundishwa na nesi. Hata wodini unafundisha kila siku, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini lazima umwelekeze kujichoma mpaka aweze mwenyewe. Kutoka ualimu kuja huku ndo kugumu, unaanza mafunzo upya. Lakini usiichukue wodi kama daraja tu, utaichukia. Hebu niambie, bibi alipozidiwa ulitaka kukaa karibu au ulikuwa unatafuta sababu ya kutoka?

Njiapanda
Nilikaa. Walikuwa wananiambia nikapumzike nikakataa.