Wenye kisukari, thairoidi na matatizo ya homoni: kinywa na tumbo vimewafanyaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa, naanza mimi. Nina kisukari aina ya 2, mwaka wa 6 huu, na muda wote huo nikipiga mswaki povu linatoka la pinki, mi najua mswaki mgumu tu, nabadilisha mswaki. Jino la mbele lilipoanza kucheza ndo nikaenda kwa daktari wa meno, kabla hata sijafungua mdomo kaniuliza sukari yako ikoje. Akanielewesha kwamba sukari ikiwa juu bakteria wanazishambulia fizi kirahisi, na fizi zikikaa zimevimba muda mrefu insulini nayo inafanya kazi kwa shida, yaani vinachocheana. Nikasafishwa mpaka chini ya fizi, nimeenda mara nne, inauma lakini nilivumilia. Dawa za sukari hatukugusa. Baada ya miezi 3 HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ikatoka asilimia 8.4 ikaja 7.9, sio muujiza ila mwaka mzima ilikuwa haijasogea. Haya na nyie semeni.

Mama Pacha: Pole mwaya. Mimi thairoidi yangu iko chini, kila nikipima TSH (homoni inayoisukuma thairoidi, thairoidi ikiwa chini yenyewe inapanda) iko juu naongezewa dozi ya kidonge cha thairoidi, mikrogramu 50 ikawa 75, ikawa 100, ikawa 125 na bado mwili mzito, nywele zinabaki kwenye kitana. Na dawa nameza alfajiri tumbo tupu, nakaa saa nzima ndo nakula. Kumbe nina H. pylori, bakteria wa tumboni, na hao wanavuruga asidi ya tumbo na kidonge kinaitaka hiyo asidi ndo kiyeyuke vizuri. Nilipomaliza dawa za kuwaua TSH ikashuka mpaka nikarudishwa 100. Miaka miwili hiyo, inaniuma mpaka leo. Dozi ikiwa inapanda tu, muulizeni daktari awapime.

Dada Mdogo: Mi nina PCOS (homoni hazijakaa sawa, zinavuruga ovari na hedhi), nikapewa metformini, dawa ya kisukari inayotumika na kwetu, iliniharisha wiki mbili nikataka kuacha. Daktari akasema dawa hii inabadilisha mpaka bakteria wa utumbo, tukashuka dozi tukapanda taratibu, nameza na chakula, tumbo likatulia.

Mjamzito wa Pili: Jamani na sisi wenye mimba fizi zinavimba, homoni hizo. Nilijua meno hayasafishwi ukiwa na mimba, kumbe yanasafishwa. Mleta mada, lile jino vipi?

Mleta mada: Lipo, halichezi tena kama zamani, ila vitu vigumu natafunia pembeni.