Naomba ushauri: paneli 16 za sola kwenye inveta mbili, niziunganishe vipi?

Hamjambo ndugu zangu. Niko Njoro, Nakuru. Nina inveta (mashine ya kugeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumia nyumbani) mbili za kilowati 5 zinazofanya kazi sambamba kwenye betri moja, na paneli 16 za wati 550. Paa la mashariki limebeba 10, la magharibi 6.

Fundi anataka kukusanya nyaya zote mahali pamoja, kisha azigawe kwenda inveta zote mbili. Hapo nimekataa. Betri ni ya pamoja, sawa, lakini kila inveta hutafuta yenyewe volti inayotoa nguvu nyingi zaidi. Zikivuta kutoka kundi moja si zitavurugana, hata kuungua?

Basi akasema 10 za mashariki ziende inveta ya kwanza kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine, volti zikijumlishana. Kila paneli ni volti 49.8 bila mzigo, kwa hiyo 498. Kikomo cha inveta ni 500. Na huku kwetu asubuhi ni baridi kweli; paneli ikipoa chini ya nyuzi 25, volti hupanda. Naogopa sana hilo. Nikigawa tano tano sambamba, ampea zinafika 28, na inveta inapokea 18 tu.

Nafikiria kuhamisha mbili ziende magharibi, ziwe nane nane. Aliyefunga hivyo, jioni mavuno yakoje? Pia, kila kundi liwe na swichi yake ya kukatia? Mashine yangu ya kutotolea vifaranga inategemea huu umeme, stima ikipotea napoteza mayai. Fundi anarudi Jumamosi.