Tupeane uzoefu: spaiki (viatu vya misumari) na misumari yake kwa mbio za mita 800 na 1,500

Wakuu, vijana wa Mbeya na Iringa wanafanyia mazoezi kwenye nyasi na udongo, kisha wanaenda kukutana na tartani (njia ya kukimbilia ya mpira) Dar. Wanunue spaiki gani, misumari ya urefu gani? Wanaojua watiririke.

Kocha wa Vilimani: Kiatu kwanza, msumari baadaye. Mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, huchanganya kila aina. Shika ncha na kisigino, kunja. Kikigoma kabisa, ni cha mbio fupi. Mzunguko wa pili wa 800 kitakaza vigimbi. Cha mbio za kati hukunjika kwa kadiri, na kisigino kina sponji nyembamba. Kikikunjika kirahisi na kisigino ni kinene, ni cha 5,000 na 10,000. Anayeanza 1,500 hicho kinamfaa, tena miguu haitamuuma sana. Kisigino kisichomoke, vidole vifike mbele bila kujikunja. Na msijaribishe na soksi nene za baridi ya Juni!

Fundi Hesi: Kabla ya kulipa, jaribu msumari mmoja kwenye kila tundu, kwa vidole tu. Ukiingia mizunguko miwili mitatu kwa ulaini, hesi (mikato ya kufungia msumari) ni nzima. Ukigoma mwanzoni umekaa upande. Rudisha, anza upya. Ukilazimisha kwa ufunguo unakata hesi, na tundu hilo halishiki tena. Paka grisi kidogo, kaza mpaka ukae, basi. Usikimbie na tundu tupu: udongo utajaa na kuganda humo. Msimu wa matope fungua yote mara kwa mara, maana kutu ikishika, kichwa kinalika na ufunguo unateleza. Hapo ni tone la oili, subira, na praizi.

Mwanariadha mstaafu: Urefu unaamuliwa na uwanja. Tartani: milimita 5 au 6. Kanuni za World Athletics zinaruhusu mpaka 9 kwa mbio za tartani, na misumari isiyozidi 11 kwa kiatu, ila wenye uwanja wanaweza kuweka kikomo kifupi zaidi, kwa hiyo ulizeni mapema. Udongo mkavu wa Agosti: 9. Hapa wengi wanakosea, wanafunga 12 wakidhani watashika zaidi. Ardhi ngumu haipokei msumari, kwa hiyo unasukuma soli juu na mkimbiaji anaumia chini ya vidole. Nyasi zenye umande 9 hadi 12; tope la Machi 12 hadi 15. Penye mawe vaeni raba.

Mleta mada: Na zile ambazo misumari haitoki?

Fundi Hesi: Za tartani tu, mkuu. Udongo wetu utailamba, na huwezi kubadilisha.

Kocha wa Vilimani: Nyongeza: kisigino cha spaiki kiko chini, kano ya nyuma ya mguu, juu ya kisigino, inavutwa. Wiki mbili za mwanzo, mara mbili kwa wiki, pasheni misuli moto mkiwa na raba, kisha spaiki kwa mikimbio 4 hadi 6 ya mita 80, nyasini. Kano ikiuma asubuhi ya pili, rudini kwenye raba mpaka iache.