Kwapa la gauni linapwaya mbele, naogopa kukata kitambaa cha mama

Tunu_Sindano
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijashika mkasi.

Nina mita 2.5 za pamba nyepesi aliyoniachia mama. Ilikaa kabatini kwake miaka na miaka, na sijaona mfano wake tena, kwa hiyo nikiharibu ndiyo basi. Nataka gauni la msimu wa joto lisilo na mikono, lenye shingo ya mraba, sketi ya marinda na mifuko ya ubavuni. Paterni (karatasi za kukatia) ni ya kununua, ila shingo nimeichora upya (yao ilikuwa ya duara) na mifuko nimeiongeza mwenyewe.

Nimeshona la majaribio kwa shuka kuukuu. Mgongo umekaa, kiuno kimekaa. Kwapa kwa mbele ndilo linanitesa. Nikisimama kwenye kioo na kubana kwa vidole napata sm 2.5 za ziada kila upande, na nikiinama sidiria yote iko nje. Saizi nilichagua kwa kipimo cha kifua, sm 108, kama walivyoelekeza. Nipunguze ubavuni?

MamaCherehani
Usiguse ubavu, mwanangu. Utabana kifua na kwapa litabaki vilevile. Hizo sm 2.5 zihamishie kwenye dati, yaani ule mkunjo ulioshonwa unaochongoka kuelekea titi. Kwenye karatasi ya paterni chora mstari kutoka kwapani pale unapobana mpaka kilele cha titi, na mwingine katikati ya dati ya ubavuni mpaka kilele hichohicho. Kata yote miwili, acha karatasi ishikane kidogo tu pale kileleni, halafu funga pengo la kwapani. Dati ya ubavuni itafunguka yenyewe. Kitambaa hakijapotea, kimekwenda kinapotakiwa.

Fundi_Karatasi
Dada Tunu, kabla hujakata karatasi nijibu mawili. Mshono wa bega unaishia wapi? Na ukizungusha futi juu ya matiti, kwapani kabisa, unapata ngapi?

Tunu_Sindano
Bega linapita mfupa kwa kama sm 1.5. Juu ya matiti napata 97.

Fundi_Karatasi
Basi umevaa saizi isiyo yako. Paterni nyingi za kununua zinachorwa kwa mtu ambaye vipimo hivyo viwili vinatofautiana kwa sm 5 hivi. Wewe una tofauti ya 11. Ukifuata kifua peke yake, mabega na makwapa yanakuwa ya mtu mwingine, na hapo ndipo panapopwaya.

Chukua saizi ya kifua 102 (97 yako na zile 5), halafu sm 6 zilizobaki ziongeze kifuani tu, yaani sm 3 kila kipande cha mbele. Kata karatasi kutoka kiunoni kupanda hadi kilele cha titi, kisha pinda kuelekea kwapani, ila usilimalize. Acha ishikane pembeni kama bawaba. Kata pia katikati ya dati ya ubavuni. Fungua mpaka pengo la kileleni lifike sm 3, bandika karatasi chini yake. Upande wa katikati utakuwa mfupi, ukate kwa mlalo na uushushe ulingane. Kiuno nacho kitakuwa kimeongezeka, ziada hiyo iondoe kwa dati ya pili ya kiunoni. Ncha za dati zisifike kileleni kabisa, ziishie sm 3 kabla, vinginevyo zitachongoka.

MamaCherehani
Hapo nakubaliana na Fundi. Bega likishavuka mfupa, dati peke yake haitoshi. Shona tena la majaribio, usivunjike moyo.

Pindo_Laini
Mimi nasemea kitambaa chenyewe. Kifue kwanza, kikauke, ukipige pasi, ndipo ukate. Pamba hurudi, na ni heri irudi ikiwa bado kitambaa.

Shingo ya mraba: ukimaliza kukata tu, kabla hata ya kujaribisha, piga mshono mmoja wa kushikiza, sm 1 kutoka ukingoni, la sivyo itavutika mikononi mwako. Kwenye kona fupisha hatua za mshono ziwe milimita 1.5, acha sindano ndani, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, endelea. Kisha chanja kona mpaka karibu na uzi kabisa. Watu wengi wanaogopa kuchanja, ndiyo maana kona zao hukunjamana. Na bitana iwe pamba nyembamba. Ya nailoni itakuchemsha.

Kitasa
Mifuko kwenye kitambaa chepesi huvuta ubavu chini. Irefushe kwa juu ili uishikize ndani ya mshono wa kiuno, uzito ubebwe huko.

Tunu_Sindano
Nimerudi. Asanteni sana, nimefanya yote kwa mpangilio wa Fundi. Jana usiku nimevaa la pili la majaribio. Bega limekaa juu ya mfupa, na kwapani kidole kimoja kinapita kwa shida. Nimeinama, nimenyoosha mikono, hakuna kinachoonekana. Dati ya kushoto ilikuwa imechongoka kidogo, nimeifupisha kwa nusu sentimita.

Kitambaa cha mama nimekifua, kimerudi kwa sm 6 kwenye urefu, kwa hiyo sketi itakuwa ya magotini badala ya kupita goti. Leo asubuhi nimekata kipande cha mbele. Kimelala mezani, na mshono wa kushikiza shingo nimeshaupiga.